NAMANYERE: SAFARI ISIYO NA POINTI

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna ramani ya Tanzania, hata ile iliyochanika ya watoto wa shule, ifungue utazame pembe ya kusini-magharibi. Utaliona Ziwa Tanganyika limejinyoosha kama mkeka mrefu, Ziwa Rukwa upande wa pili, na kati ya maziwa hayo mawili nchi iliyoinuka juu, yenye baridi na upepo. Hiyo ndiyo Ufipa. Sumbawanga ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, mkoa ulioundwa mwaka 1974. Na ukishika njia ya kaskazini iendayo Mpanda utafika Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi. Makala haya ni ya mji huo mdogo. Lakini ni pia ya jambo ambalo huenda ukashangaa kulikuta limetajwa pamoja nao, yaani habari za watu wanaopanda ndege si kwa sababu wana pa kwenda, bali kwa sababu hesabu yao ya mwaka haijatimia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni kilomita zaidi ya 1,100. Basi hupita Morogoro na Mikumi, hupanda Kitonga kwa kunguruma, huziacha Iringa na Makambako nyuma, na hufika Mbeya abiria wakiwa wamekwisha kunyamaza, kila mtu na shingo yake. Tunduma ndipo njia zinapoachana. Malori yaendayo Zambia na Kongo hubaki katika foleni yao ndefu ya mpakani, nasi tulikata kulia kuelekea Laela. Kipande hiki cha kilomita zipatazo 220 kilitiwa lami kwa fedha za mkataba uliotiwa saini kati ya Tanzania na Marekani mwaka 2008. Kabla ya hapo, masika ilikuwa masika kweli. Lori liliweza kulala matopeni siku mbili, na wako watumishi waliougua ghafla siku ile ile walipopokea barua ya uhamisho wa kwenda Rukwa.

Kutoka Sumbawanga lami inaendelea, inapita Chala, na nchi inafunguka pande zote mbili. Nilipita huko mwezi wa Februari. Mahindi yalikuwa yamekwisha kupita kimo cha mtu, ukungu ulikuwa umelala mabondeni hadi saa nne asubuhi, na mashambani watu walikuwa wakifanya kazi ambayo Mfipa hufanya tangu enzi za mababu: kukusanya majani mabichi na kuyafukia ndani ya vilima vidogo vya udongo, yaoze humo. Juu ya vilima hivyo hupandwa maharage. Msimu unaofuata udongo ule hutawanywa, na shamba linakuwa tayari kwa ulezi au mahindi bila hata kiroba kimoja cha mbolea ya dukani. Ukiviona kwa mbali vimejipanga mlimani kwa mamia, utadhani ni paa za kijiji kilichozama ardhini.

Watu hawa si wageni wa ufundi. Katika vichaka vya Nkasi bado yako mabaki ya malungu, zile tanuri za udongo zilizomzidi mtu kwa kimo, ambamo chuma kiliyeyushwa bila mvukuto, kwa nguvu ya hewa iliyojivuta yenyewe kutoka chini. Kisha kikasafishwa katika vitanuri vidogo viitwavyo vintengwe na kufuliwa kuwa majembe. Majembe ya kutoka Ulaya ndiyo yaliyozima moto huo. Na katika miaka ya 1970 na 1980 mahindi ya Rukwa, pamoja na ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya ugali wa mijini. Kwa hiyo wewe unayesoma gazeti hili pale Temeke au Mabibo huenda uliwahi kula jasho la Namanyere pasipo kujua.

BILA TIKETI

Najua unachosubiri. Huwezi kutaja Sumbawanga mbele ya Mtanzania bila mtu kucheka pembeni. Wenyeji hulifasiri jina hilo kuwa ni “tupa uchawi”, na mijini umezuka utani kwamba watu wa huko hawana haja ya ndege, kwa kuwa wao hupanda ungo usiku, wakatembea Kariakoo, wakarudi kabla jogoo hajawika. Kondakta wetu aliusema tena utani huo Sumbawanga mjini, nao abiria Wafipa wakacheka kuliko wote. Utani ni utani. Hata hivyo tusisahau kwamba katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Nalisema hili la ungo kwa sababu ndilo lililomfungulia kinywa jirani yangu wa kiti. Alikuwa mtu wa umri wa miaka arobaini na kitu, fundi wa mitambo mikubwa, mwenyeji wa Namanyere anayefanya kazi Dar es Salaam. Yeye alikuwa ameruka kwa ndege hadi Songwe, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 2012 nje ya Mbeya, akalala huko, kisha akapanda basi kama sisi sote, kwa maana Namanyere haina ndege ya abiria yenye ratiba. Utani wa kondakta ulipokwisha, aligeuka akaniambia, “Kaka, huo ungo mimi nisingeupanda. Hautoi pointi.”

Nikadhani ni mzaha. Akatoa pochi, akanionyesha kadi ya rangi ya fedha yenye jina lake. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya mtu anayesimulia ushindi, jinsi alivyoinusuru kadi hiyo Desemba iliyopita. Mwaka ulikuwa unakwisha naye alipungukiwa na safari mbili. Akaomba ruhusa kazini, akanunua tiketi ya kwenda Nairobi na kurudi siku ile ile. Alifika Nairobi asubuhi, akakaa katika ukumbi wa abiria, akanywa chai, akasoma matangazo ya ukutani yote, na saa chache baadaye akapanda ndege ya kurudi. Nairobi yenyewe hakuiona, ila kwa dirisha. Ofisa wa uhamiaji wa Dar es Salaam alipomwuliza alikuwa amekwenda kufanya nini, alishindwa kujibu kwa haraka, na ndugu huyo wa uhamiaji akamtazama mara mbili.

HESABU MBILI

Huenda msomaji hujapata kuzijua kadi hizi, nami nitakueleza kwa kifupi zilivyo. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyoyaachia mashirika ya ndege uhuru wa kujipangia nauli na njia. Ushindani ukawa mkali, na kila shirika likatafuta kamba ya kumfunga abiria asihame. Mnamo Mei 1981 American Airlines walianzisha mpango wa kumhesabia abiria maili alizosafiri na kumzawadia tiketi zikitosha. Wapinzani wao wakaiga mara moja, na baadaye dunia nzima. Huku kwetu, Kenya Airways kwa miaka mingi walitumia mpango wa Air France na KLM uitwao Flying Blue, Ethiopian wana wao uitwao ShebaMiles, na Air Tanzania nao wana Twiga Miles.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea. Hesabu ni mbili. Ya kwanza ni maili za kutumia, ambazo ni kama akiba: unazikusanya, unazibadili kwa tiketi. Ya pili ni ya hadhi. Hiyo hainunui kitu chochote. Kazi yake ni kukupandisha daraja, kutoka mtu wa kawaida kwenda fedha, dhahabu na kuendelea. Mwenye daraja hupanga foleni fupi, huongezewa mizigo, na akiwa juu zaidi huingia chumba cha mapumziko chenye viti vya kuzama na chakula kisicho na bei. Lakini daraja halidumu. Kila mwaka hesabu huanza upya, na usipoitimiza unateremshwa. Kwa mfano, kanuni ya Flying Blue iliyoanza mwaka 2018 ilitaka pointi 100 kwa daraja la fedha, 180 kwa dhahabu na 300 kwa lile la juu, na safari moja ya Dar es Salaam hadi Amsterdam katika kiti cha bei ya chini ilitoa pointi 10 tu. Kiti cha mbele cha gharama kubwa kilitoa mara tatu ya hizo. Piga hesabu mwenyewe uone mtu wa viti vya nyuma angepaswa kuvuka Sahara mara ngapi.

Kwa sababu hiyo ukazuka, Marekani na Ulaya hasa, mchezo wa kufanya safari za ziada. Mtu anatafuta nauli rahisi na njia ndefu, anabadilisha ndege miji mitatu au minne, halafu anarudi nyumbani bila kutoka nje ya viwanja. Wengine hawakuhitaji hata kuruka. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni moja ya vyakula ilikuwa ikitoa maili kwa kila lebo ya bidhaa yake. Akanunua vikombe 12,150 vya pudini kwa dola 3,140 hivi, akagawa pudini yenyewe kwa shirika la hisani ambalo watu wake walimsaidia kubandua lebo, akajipatia maili zaidi ya milioni moja. Huyo nampa heshima yake. Alijua kuhesabu, na pudini ililiwa.

Mashirika nayo hayakulala. Tangu mwaka 2015 Delta na United walianza kutoa maili kwa kadiri ya fedha alizolipa abiria badala ya umbali aliosafiri, American wakafuata mwaka 2016, na madaraja nayo yakaanza kupimwa kwa matumizi. Nauli rahisi ya njia ndefu ikapoteza utamu. Hata hivyo kule ambako safari bado zinahesabiwa kwa idadi, watu kama jirani yangu bado wapo, na kila Desemba utawakuta viwanjani, hawana mizigo, wanatazama saa.

Wasichanganywe na wale wanaoruka kwa kulazimika. Wako ndugu zetu wenye ukaazi wa Falme za Kiarabu ambao, wakikaa nje ya nchi ile zaidi ya siku 180 mfululizo, kibali hufutika, isipokuwa kwa wenye ruhusa maalumu. Mtu wa namna hiyo akikatisha likizo yake Tanga na kukimbilia Dubai kwa siku tatu, analinda kazi na ada za watoto. Hatuwezi kumcheka.

Jirani yangu je, alikuwa akilinda nini? Nilimwuliza hivyo hivyo. Hakukasirika. Alisema kwamba mara ya kwanza alipokwenda Dar es Salaam alisafiri juu ya magunia ya mahindi, na alipofika alicheka kila mtu aliyemsikia akitamka alikotoka. “Nikisimama kwenye foleni ile fupi, kaka, hakuna anayeniuliza natoka wapi.” Nikanyamaza, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko kadi. Kisha akaniambia, huku akitazama mashamba, kwamba alikuwa hajafika kwao kwa miaka minne. Likizo mbili kati ya hizo zilikwisha kwa kukimbiza pointi. “Nyumbani hakuna pointi,” alisema, akacheka kidogo peke yake.

KWA MAMA

Namanyere ni mji wa barabara moja kubwa, maduka ya mabati pande mbili, soko, ofisi za wilaya, na njia inayokata kushoto kuteremka Kirando na Kipili ziwani. Sokoni utakuta maharage ya rangi zote, na migebuka iliyokaushwa iliyopandishwa kutoka ziwani. Jioni baridi inashuka upesi. Saa moja watu wamekwisha kuvaa makoti.

Mwenzangu alinikaribisha kwao. Mama yake ni mkongwe mwenye macho makali, na tulipomwamkia shikamoo alitushika mikono mmoja mmoja na kuikagua kama mtu anayenunua jembe. Tukala ugali wa ulezi na migebuka. Baada ya kula, sijui kwa nini, yule bwana akaanza kumweleza mama habari za kadi. Labda alitaka ajue kwamba mwanawe ni mtu mkubwa. Mama akasikiliza, halafu akauliza:

“Huko Nairobi ulikwenda kumwona nani?”

“Sikumwona mtu, mama.”

“Ulikuwa na mgonjwa?”

“Hapana. Nilikwenda ili jina langu lisitoke kwenye orodha.”

Nilitazamia mama ashangae. Hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa polepole, akasema hayo anayajua. Akatusimulia jinsi wanawake wa rika lake walivyokuwa wakiteremka Kirando kwa miguu na vikapu vya ulezi, wakirudi na samaki na chumvi. Na jinsi hata leo, magoti yakiwa yamechoka, hupanda gari kwenda kwenye misiba ya watu ambao hawakuwa ndugu zake wa karibu. “Mingine siitaki,” alisema. “Lakini ukikosa mitatu, watu wanakutoa. Na wewe siku yako nani atakuja?” Mwezi uliopita tu alikwenda mmoja wa Kala, mbali kule kandokando ya ziwa, kwa mtu aliyemfahamu kwa jina la mumewe peke yake. Alikaa usiku mmoja, akatoa mchango wake, akarudi.

Nawaambia kweli, wasomaji, katika maelezo yote niliyowahi kusoma juu ya kadi za ndege, hakuna lililonifungua macho kuliko hilo la kikongwe wa Namanyere. Hadhi ni hadhi, na kila mahali mtu huilipia kwa kusafiri hata pale asipopenda. Tofauti aliisema yeye mwenyewe, bila kutafutwa. Alimwuliza mwanawe: “Na mwaka utakaougua usiende, hao wenye ndege watakuja kukuona?”

Mwanawe alijibu kwamba watamteremsha daraja. Mama akainuka kwenda kutazama moto.

NANI ANALIPA?

Huyu fundi alitumia fedha zake, na mtu na fedha zake tumwachie. Lakini iko aina nyingine, na hiyo inatuhusu sote. Katika mipango mingi ya namna hii pointi huandikwa kwa jina la aliyekaa kitini, si kwa aliyelipa. Ofisi ikinunua tiketi, faida inakwenda kwa mtumishi. Na mkubwa anayejua kwamba safari mbili zaidi zitamfikisha kwenye dhahabu ana sababu ya ziada ya kuuona mkutano wa Geneva kuwa ni wa lazima sana. Simshutumu mtu. Natoa hesabu tu. Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge tarehe 20 Novemba 2015 alisema kwamba kati ya mwaka wa fedha 2013/14 na 2014/15 safari za nje zilikuwa zimeigharimu Serikali shilingi bilioni 356.3, na katika hizo bilioni 183.1 zilikuwa tiketi za ndege. Alisema pia kwamba fedha hizo zingetosha kujenga kilomita 400 za lami.

Kilomita 400! Kutoka Sumbawanga kupitia Namanyere hadi Mpanda hazifiki 300. Kutoka Namanyere hadi ziwani Kirando hazifiki 100. Mtu wa Rukwa akizisikia tarakimu hizo hahitaji kuelezwa na mwandishi wa habari.

Msomaji utakayependa kwenda, Mei hadi Agosti mvua huwa zimekatika na njia za pembeni hupitika, lakini Juni na Julai baridi ya Ufipa haina mzaha. Chukua sweta nzito na soksi. Mabasi ya Sumbawanga yaendayo Namanyere na Mpanda ni mengi kiasi, na ni vyema kuwahi stendi alfajiri. Ukitaka kuyaona mabaki ya malungu uliza kwa adabu ofisi za wilaya au kwa wazee, wala usiondoke na kipande cha udongo wala cha chuma. Ukifika sokoni nunua maharage, bei yake itakufurahisha. Mama yule alimfungia mwanawe gunia zima, nasi tulipokuwa tukipakia kondakta alidai nauli ya mzigo. Mwenzangu akasema kwa mzaha kwamba yeye ana kadi inayomruhusu kilo za ziada. Kondakta akaitazama kadi mbele na nyuma, akamrudishia, akaendelea kunyoosha mkono.